Semina, shahada, hukumu au mkongwe: wakili wa jinai aongeze elimu wapi?

Julai 2025 nilisimama mbele ya hakimu mkazi kuomba dhamana, nikataja kifungu ambacho nimekitaja miaka yote ya kazi yangu bila kukikosea. Hakimu akanitazama juu ya miwani. "Wakili msomi, hicho ni kifungu cha toleo lipi?" Nyuma yangu mtu akacheka puani. Toleo la Marekebisho la 2023 la sheria zetu lilikuwa limeanza kutumika Julai 1, vifungu kadhaa vimehama namba, na mimi bado nilikuwa naishi mtaa wa zamani. Dhamana ilitoka, na mteja hakujua kilichotokea. Lakini jioni ile, kwa aibu, nililipia semina ya kwanza niliyoiona kwenye kundi letu la WhatsApp.

Ilikuwa semina ya kodi.

Nimeyasimulia haya kwa sababu mawakili wengi wa jinai ninaowajua hujiendeleza hivyohivyo: tunaumia, tunashtuka, tunalipa. Mwaka ukiisha tuna vyeti vitatu, na bado hatujui kwa nini hakimu aliyakataa mapingamizi yetu. Kwa hiyo nimeziweka pamoja njia nne ambazo wakili wa jinai wa Tanzania Bara anazo kweli, ili aliyekwama katikati aone ipi inaziba tundu lipi.

Ya kwanza ni semina na makongamano, hasa yale ya Chama cha Mawakili Tanganyika (TLS) na wanaoshirikiana nacho. Ya pili ni shahada ya uzamili, iwe ya darasani pale Mlimani au ya masafa kama ya Chuo Kikuu Huria. Ya tatu ni kusoma hukumu mwenyewe kwenye TanzLII, tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania, peke yako au na kikundi. Ya nne ni kukaa ubavuni mwa mkongwe kwenye kesi halisi. Kozi fupi za mtandaoni nitazigusa nikifika kwenye suala la vyeti. Wenzetu wa Zanzibar wana chama chao, na wana Sheria ya Adhabu na Sheria ya Mwenendo wa Jinai zao za 2018, kwa hiyo mifano ya vifungu humu waisome kama habari za jirani.

Tunapima kwa nini

Nimetumia vipimo vinne. Cha kwanza ni pesa na siku, maana kwa wakili anayejitegemea siku ni pesa. Cha pili, sheria mpya inakufikia ikiwa bado moto au imeshapoa? Cha tatu nakiita mikono: utatoka pale ukiweza kufanya nini mahakamani ambacho jana hukukiweza? Cha nne ni karatasi, yaani pointi za elimu endelevu, cheti au shahada.

Kabla ya vipimo hivyo, fungua faili la kesi yako ya mwisho uliyoshindwa, usome mwenendo wote mpaka ukurasa wa mwisho. Uliipotezea wapi? Hukukijua kifungu? Ulikijua lakini ukachelewa kusimama? Ulisimama, ukasema, ila hoja yenyewe ilikuwa dhaifu? Jibu la swali hilo lina uzito kuliko vipimo vyangu vyote vinne.

Pesa na siku

Semina ni ya siku moja hadi tatu. Ada yake hutangazwa, hilo halina siri. Kisichotangazwa ni nauli ya kutoka Kigoma au Songea, chumba cha kulala na kesi ulizoziahirisha. Kwa mshtakiwa aliyeko mahabusu, ahirisho moja ni kama wiki mbili nyingine ndani, na ndugu zake hawataki kusikia habari ya kongamano. Semina za Zoom zimepunguza adha hii sana, ingawa wote tunajua jinsi tunavyozihudhuria: kamera imezimwa, sauti iko mfukoni, mwenyewe uko masijala unafuatilia nakala ya hukumu.

Shahada ya uzamili itakula mwaka mmoja na nusu hadi miwili kama kila kitu kikienda sawa, na ada yake ni ya mamilioni. Masomo ya darasani huwa hayasumbui mtu mzima aliyezoea kusoma mafaili. Tasnifu ndiyo inayokula watu. Nina rafiki aliyemaliza mitihani yote, akapata msimamizi, akaandika sura mbili, kisha akapangiwa kesi ya mauaji yenye mashahidi wengi. Sura ya tatu haijaandikwa mpaka leo. Masomo ya masafa yanakuacha na ofisi yako wazi, lakini yanadai nidhamu ambayo darasa lingekulazimisha kuwa nayo.

TanzLII ni bure. Unahitaji bando, simu yenye kioo kisichopasuka sana, na saa moja usiku watoto wakishalala. Gharama yake imejificha kwenye neno "kila": kila wiki, kila Ijumaa. Watu huanza kwa moto Januari na kufikia Machi wamerudi kwenye muhtasari unaosambazwa kwenye makundi, ambao nusu yake haujulikani umetoka kwa nani.

Mkongwe hana ada. Usidanganyike, utalipa. Utamfanyia utafiti, utabeba mafaili, utakaa kwenye kesi mbili tatu bila hata ya nauli, na jina kwenye kumbukumbu za mahakama litakuwa lake. Na lazima akubali kwanza. Dar es Salaam, Mwanza, Arusha au Mbeya unaweza kubisha milango mitano. Wilayani pengine mkongwe pekee ni hakimu mstaafu aliyefungua ofisi karibu na stendi, na hata huyo ni hazina kama anapenda kuongea.

Sheria ikiwa bado moto

Kipimo hiki ndicho kilichonibadilisha mawazo zaidi, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Chukua mnyororo wa utunzaji wa vielelezo. Kila wakili wa utetezi aliyepita shule ya sheria anaijua Paulo Maduka na wenzake dhidi ya Jamhuri, rufaa ya jinai namba 110 ya 2007: kielelezo kifuatiliwe kwa maandishi tangu kilipokamatwa, nani alikipokea, kilikaa wapi, nani alikipeleka kwa mkemia, mpaka kilipoletwa mahakamani. Tukaipenda. Tukaitaja kwenye bangi, kwenye bunduki, kwenye kila kitu. Kisha Mahakama ya Rufani ikaendelea kuongea. Katika Issa Hassan Uki, rufaa namba 129 ya 2017, ikaeleza kuwa vitu kama meno ya tembo havibadilishwi mikononi mwa watu kirahisi, kwa hiyo ukosefu wa karatasi hauangushi kesi peke yake. Wakili anayesimama leo na Maduka tu mkononi, kwenye kesi ya nyara, anampa wakili wa serikali mpira golini.

Au chukua ushahidi wa mtoto mdogo. Marekebisho ya 2016 ya kifungu cha 127(2) cha Sheria ya Ushahidi yaliruhusu mtoto atoe ushahidi bila kiapo, ila aahidi kusema kweli. Katika Godfrey Wilson, rufaa namba 168 ya 2018, mahakama ikaonyesha maswali mepesi ambayo hakimu anaweza kumuuliza mtoto: umri wake, dini yake, kama anaelewa maana ya kiapo, kama anaahidi kusema kweli. Rufaa nyingi zilipita kwenye mlango huo. Kisha ikaja Wambura Kiginga, rufaa namba 301 ya 2018, na mahakama hiyohiyo, ikiegemea kifungu kidogo cha (6), haikukubali kwamba dosari ya ahadi hiyo kutochukuliwa ipasavyo iufute peke yake ushahidi wa mtoto anayeaminika. Namba za vifungu nilizotaja hapa ni za toleo la zamani, kama zilivyo ndani ya hukumu zenyewe. Mkononi uwe na Toleo la 2023 pia, yasikupate yaliyonipata.

Kwa mwendo wa namna hii TanzLII haina mpinzani. Hukumu inapandishwa, unaisoma yote na si muhtasari wake, na alama ya TZCA, inayowekwa kwenye hukumu za Mahakama ya Rufani, inakusaidia kuitaja bila kusubiri kitabu cha ripoti za kesi (TLR) kichapwe. Udhaifu wake ni kwamba hakuna anayekunong'oneza kipi kina uzito. Mwenyewe niliwahi kubeba hukumu moja ya Mahakama Kuu kama fimbo, kumbe ilishatenguliwa rufani miezi kadhaa nyuma. Ndiyo maana nasisitiza kikundi: watu wanne, hukumu mbili kwa wiki, mmoja ana kazi ya kutafuta kama hukumu ile bado inasimama.

Semina huchelewa kwenye hukumu, lakini hung'aa pale sheria inapobadilika kwa mkupuo. Mwaka 2019 yalipoingizwa majadiliano na makubaliano ya kukiri kosa kwenye Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, vifungu vilikuwa mbele ya macho yetu wote, hata orodha ya makosa yasiyojadiliwa kama uhaini. Tulichokosa ni kujua wenzetu wa ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka wanavitekeleza vipi: barua inaandikwa kwa nani, mteja akikiri halafu makubaliano yakavunjika kauli yake inakwenda wapi. Semina iliyowakutanisha mawakili wa serikali na wa utetezi kwenye meza moja ilinipa majibu hayo kwa asubuhi moja. Vivyo hivyo mwaka 2022, wazee wa baraza, raia wanaokaa na jaji kumshauri, walipoacha kuwa lazima kwenye kesi za Mahakama Kuu, na ndivyo ilivyo sasa kwa Toleo la 2023.

Shahada ni ya polepole. Usiende chuo kutafuta hukumu ya wiki iliyopita. Unakwenda kuelewa kwa nini sheria iko ilivyo na inaelekea wapi. Mahakama ya Afrika, iliyoko palepale Arusha, ilisema Novemba 2019 katika shauri la Ally Rajabu na wenzake kwamba adhabu ya kifo ya lazima, isiyompa jaji nafasi ya kupima, inakiuka haki ya kuishi. Ukitaka kuijenga hoja hiyo vizuri, na uweze kujibu maswali ya majaji watatu wa rufani wanaokukatiza, semina ya siku moja haitoshi. Unahitaji msimamizi mkali na miezi ya kusoma.

Mkongwe, niseme tu ukweli, hapa ndipo anapoyumba. Sheria aliyonayo kichwani ni ile aliyoishindia kesi. Mzee niliyekaa naye mimi ni simba mahakamani, lakini mpaka leo ukimwacha anaongea habari za wazee wa baraza kama vile kesi haiwezi kuanza bila wao. Ukimfuata kwa sheria, hakikisha. Mfuate kwa jambo lingine.

Mikono

Jambo lenyewe ndilo hili.

Mwaka wangu wa pili, mahakama ya wilaya, kesi ya unyang'anyi wa kutumia silaha. Shahidi wa tatu wa Jamhuri, askari, anaongozwa na mwendesha mashtaka. Ameshika maelezo ya onyo ya mteja wetu, yale yaliyoandikwa polisi, na kabla hayajapokelewa kuwa kielelezo anaanza: "Mshtakiwa aliniambia kwamba yeye na wenzake…" Mimi naandika. Naandika kwa bidii, mstari kwa mstari. Mzee ananigusa mkono kwa ncha ya kalamu. Haongei. Naendelea kuandika. Ananigusa tena, safari hii kwa nguvu, wino ukabaki kwenye shati. Nikasimama bila kujua nasimamia nini. Akanong'ona neno moja: "Mwanjisi."

Robinson Mwanjisi na wenzake, [2003] TLR 218. Nilikuwa nimeisoma, na kwenye mtihani ningekuandikia kurasa mbili: hati ipokelewe kwanza, ndipo isomwe. Lakini kuijua na kusimama ndani ya sekunde tatu, kabla yaliyomo hayajaingia kwenye masikio ya hakimu, ni vitu viwili. Maelezo yale tuliyapinga, hakimu akafanya uchunguzi mdogo wa jinsi yalivyochukuliwa, tukauliza saa za kukamatwa na saa za kuandikwa maelezo, tukakuta zile saa nne ambazo sheria inawapa polisi kumhoji mtuhumiwa zimepita zamani. Yakakataliwa. Nje, kwenye kivuli cha mwembe, mzee aliniambia nisiandike wakati shahidi anaongea. "Mwangalie mikono yake, mwanangu. Akianza kufungua karatasi, wewe uko wima."

Hakuna semina iliyonifundisha hivyo. Semina zetu nyingi ni za mtoa mada na slaidi sitini, maswali mawili, chai. Zipo chache zenye zoezi la kesi ya kuigiza, ambapo unamhoji shahidi wa upande wa pili, yaani maswali ya dodoso, na jaji mstaafu anakukatisha na kukwambia umeuliza swali moja zaidi ya lililotakiwa. Hizo zina thamani. Kabla ya kulipa, uliza swali moja: je, washiriki wenyewe watasimama na kufanya, au watakaa kusikiliza?

Shahada inakupa mkono wa kalamu. Waliopita pale wanaandika sababu za rufaa chache na nzito, siyo zile kumi na saba tunazozoea ambazo kumi na nne zinasema jambo moja. Kwa wakili ambaye kazi yake kubwa ni rufaa, hilo si dogo.

Kusoma hukumu nako kunaweza kukupa mikono ukikufanya kwa namna fulani. Mimi hufanya hivi: nasoma maelezo ya kesi tu, yale ya mwanzoni ambapo mahakama inasimulia kilichotokea, halafu nafunika simu. Naandika sababu zangu za rufaa kwenye karatasi. Ndipo nafungua kuona wakili aliyekuwepo alisema nini na mahakama ikaitikia nini. Mara nyingi nakuta nimeiacha hoja iliyoshinda. Inauma, lakini inauma sebuleni kwangu na siyo mahakamani. Ongeza kukaa mahakama ya wazi siku ambayo huna kesi, nyuma kabisa, ukisikiliza dodoso la wengine. Hakuna anayekutoza.

Karatasi

Semina za chama hutoa pointi na cheti cha kuhudhuria. Kwa anayehesabu pointi za mwaka, hilo peke yake ni sababu tosha, na wala si jambo la kuona haya. Tahadhari ni kwamba si kila semina inayotangazwa na kila kampuni ina pointi. Uliza sekretarieti kabla ya kutuma pesa.

Shahada ndiyo karatasi inayodumu. Unataka kufundisha chuo, kuomba nafasi kwenye taasisi za kimataifa zilizoko Arusha, au kuhamia utumishi wa umma kwa ngazi ya juu? Hapo mkongwe wako na TanzLII yako havitakuombea kazi.

Kozi fupi za mtandaoni zinaingia hapa. Ofisi ya Umoja wa Mataifa ya Dawa za Kulevya na Uhalifu (UNODC) ina mafunzo ya bure, na wengine wengi wana ya kulipia, kuhusu utakatishaji fedha, usafirishaji haramu wa binadamu, uhalifu wa mtandao. Ni nzuri kwa kuelewa uhalifu wenyewe unavyofanyika: pesa inapitaje, simu inaacha alama gani. Lakini hazitakwambia kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 kinataka nini kabla picha ya ujumbe wa simu haijapokelewa, na hapo ndipo kesi inapoamuliwa. Zichukue kama kitoweo. Ugali uutafute kwingine.

Kusoma mwenyewe hakuna cheti. Mkongwe naye hatoi cheti, ila ana kitu ambacho wengi hawakihesabu: akizidiwa na kesi, jina la kwanza analomtajia mteja ni lako.

Nani anafaa wapi

Semina inamfaa aliye ofisini peke yake na ameanza kupoteza mawasiliano na wenzake, anayehitaji pointi, na yeyote pale sheria nzima inapofumuliwa. Haimfai anayetafuta ustadi wa kuuliza maswali, labda iwe ya mazoezi.

Shahada ni ya mwenye dira ya miaka mitano mbele na ofisi inayoweza kupumua bila yeye mara kwa mara. Wakili wa mwaka wa kwanza ambaye hajawahi kumhoji mpelelezi, mimi ningemshauri asubiri. Lakini nawajua wawili walioanza mapema na hawajajuta, maana walijua wanaelekea kufundisha.

Hukumu ni za kila mtu, kwa hiyo swali linabaki kama una nidhamu nazo au unahitaji wenzako wakusukume. Mkongwe ni wa wakili mchanga kwanza, na pia wa yule mkubwa anayehama uwanja: umefanya madai na ardhi miaka kumi, sasa unapewa kesi ya uhujumu uchumi. Weka umri pembeni, ukakae kiti cha pili.

Kwa hali yako

Umetoka kuapishwa na huna hata kesi moja yako: tafuta mkongwe kabla hujatafuta kiti cha ofisi. Peleka barua fupi, sema unaomba kukaa kiti cha pili kwenye kesi mbili, na uende na utafiti wa hukumu za karibuni kuhusu kosa lililoko kwenye faili lake. Wazee hawapendi maombi matupu. Utafiti ule utakuwa umelipa ada, na yeye atapata hukumu mpya ambazo vinginevyo asingezisoma.

Uko mwaka wa tano au wa nane, kesi zipo, lakini mapingamizi yako yanakataliwa kwa sababu za kushtukiza: tatizo lako ni sheria iliyopoa. Unda kikundi cha Ijumaa. Anza na mada unazokutana nazo zaidi, kwa mfano utambuzi wa macho tangu hukumu ya Waziri Amani ya 1980 mpaka leo, au ushahidi wa mwathirika wa kubakwa tangu hukumu ya Selemani Makumba ya 2006. Mada moja mwezi mzima.

Unafanya rufaa nyingi na unahisi majaji wanakusikiliza kwa adabu tu: fikiria uzamili, na uchague mada ya tasnifu kutoka kwenye kesi zako mwenyewe ili kazi moja ilishe nyingine. Kabla ya kujiandikisha, zungumza na mtu ambaye hakumaliza. Waliomaliza wanasahau ugumu.

Unachukua kesi za msaada wa kisheria na malipo yake hayafiki hata kwenye nauli: usijibebeshe ada. TanzLII, mahakama ya wazi, na semina zile za Zoom zenye pointi zinakutosha kwa mwaka huu.

Umehamishiwa au umejifungulia ofisi wilayani ambako mawakili mko watatu na mmoja mmeshagombana: simu ndiyo chuo chako. Fanya zoezi lile la kufunika hukumu, mara moja kwa wiki, na ukipanda Mahakama Kuu kwa kikao cha mauaji usiondoke kesi yako ikiahirishwa. Kaa. Sikiliza ya mwenzako, na jioni mnunulie soda umuulize kwa nini aliliacha lile swali.

Na umepitwa na Toleo la 2023 kama nilivyopitwa mimi: hiyo ndiyo hali pekee ambayo ningekwambia ulipie semina kesho asubuhi. Ila soma kichwa cha mada mara mbili kabla hujatuma pesa.